Shajara ya mradi: kidhibiti cha kulinda kompresa za friza, Tanga

Januari, wiki ya pili

Kilichopo mezani ni kidhibiti kidogo cha kielektroniki kitakachokaa kati ya soketi na friza ya biashara, na kazi yake ni moja: kompresa isife kabla ya wakati wake. Wenye friza za majaribio nimeshawapata. Kuna mama anayeuza samaki karibu na soko la Deep Sea mwenye friza tano kwenye chumba kimoja, kuna bucha ya Ngamiani, na kuna duka la vinywaji Chumbageni. Friza zenyewe ni mchanganyiko. Nyingi ni za kulala, za kapilari (kijibomba chembamba kinachopitisha gesi polepole), gesi R134a. Duka la vinywaji lina friji ya vioo ya gesi ya R290, pamoja na kabati la zamani la R404A ambalo mngurumo wake unasikika mpaka barabarani.

Kabla ya kulehemu waya wowote nimepasua kompresa mbovu zilizorundikana nyuma ya karakana. Mafundi wengi tukitoa kompresa iliyokufa tunaipeleka chuma chakavu bila kutaka kujua imekufaje, na hapo tunatupa ushahidi. Ukiikata kwa grainda ukaifungua, mengi yanaonekana. Nyingi kati ya hizi zimeungua waya wa mota wa kuanzia peke yake. Waya wa kuendeshea bado una rangi yake ya shaba. Hiyo ni alama ya mota iliyojaribu kuwaka tena na tena ikashindwa. Chache zimekuwa nyeusi kote, na oili yake inanuka vanishi iliyoungua: hizo zimefanya kazi muda mrefu zikiwa na joto kupita kiasi, ama kwa umeme mdogo ama kwa kondensa (mabomba yanayotoa joto nje) iliyoziba. Moja mota yake nzima kabisa, vali ndiyo imevunjika. Hiyo isingeokolewa na kifaa chochote cha umeme, ni suala la gesi.

Januari, wiki ya tatu

Nimeulizwa na vijana wawili wa karakana kwa nini naweka nguvu zote kwenye dakika za mwanzo baada ya umeme kurudi, wakati mteja analalamikia umeme kukatika. Naandika jibu hapa ili nisirudie kulieleza.

Friza iliyozimika haiumii. Kompresa inapofanya kazi, upande wa kondensa una presha kubwa na upande wa evapureta, mabomba ya ndani yanayoleta ubaridi, una presha ndogo. Ikizimwa, gesi inapita polepole kwenye kapilari mpaka pande mbili zilingane, na kwa friza nyingi za kulala jambo hilo linachukua dakika tatu hadi tano. Umeme ukirudi baada ya nusu dakika, pistoni inatakiwa ianze kusukuma ikiwa tayari imebanwa. Ni kuanza kusukuma mkokoteni wa magunia ukiwa umesimama katikati ya mlima. Mota haizunguki, na mota ambayo haizunguki inavuta umeme mara nne hadi sita ya ule wa kawaida. Kwenye friza ya nusu hospawa niliyoipima kwa klampu (kipimo cha ampea kinachobana waya), inapotembea inavuta ampea 3 na kidogo. Iliposhindwa kuwaka ilivuta zaidi ya 16 mpaka ovaloodi ikakata.

Ovaloodi ni kisahani cha metali mbili kinachojikunja kwa joto. Kinakata, kinapoa, kinarudisha, mota inajaribu tena, kinakata tena. Kimesaidia, lakini kila jaribio limeacha joto ndani ya waya, na joto hilo halitoki haraka kama linavyoingia.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalitaji. Friza nyingi za sasa zinawashwa kwa rilei ya PTC, kile kidonge kilicho ndani ya kikasha kidogo pembeni mwa kompresa. Kikiwa baridi kinapitisha umeme kwenda waya wa kuanzia. Kikipata moto upinzani wake unapanda sana na waya wa kuanzia unaachwa. Mpaka kipoe, mota haina msaada wa kuwaka. Kwa hiyo hata kama presha zingekuwa zimelingana kwa muujiza, PTC ya moto ingezuia. Muda ambao kidhibiti kitaisubirisha kompresa unaponya mambo mawili kwa pamoja.

Februari, mwanzoni

Nimefunga kinasa cha volti kwenye chumba cha samaki na kingine kwenye bucha. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Mchana chumba cha samaki kinacheza kati ya 215 na 228, hakuna ubaya. Tatizo ni kuanzia magharibi, watu wanapowasha majiko, pasi na feni kwa wakati mmoja: kwenye bucha nimeona 190, na jioni moja 178.

Mtu akisikia 178 anadhani mota inapoteza kidogo tu. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka inakwenda kwa mraba wa volti. 178 ni asilimia 77 ya 230, lakini nguvu ya kuwasha inabaki asilimia 60. Kompresa iliyokuwa inawaka kwa shida kwenye 230 haiwezi kuwaka hapo, itaguna na kukata, itaguna na kukata, usiku kucha, huku mwenye bucha amelala na kuamini friza inafanya kazi kwa sababu taa yake ya kijani inawaka. Ile taa inawaka hata kwa volti 120.

Watani wangu wanasema mkoa wenye mitambo ya maji ya Hale na Pangani, megawati 21 na 68, haupaswi kuwa na umeme mdogo. Gridi ni moja jamani. Na volti ya kwako inaamuliwa na urefu wa waya kutoka transfoma, unene wake, na majirani wangapi wananing'inia humo humo.

Februari, katikati

Bodi ya kwanza imekamilika. Kichwa ni Arduino Nano, kompyuta ndogo inayoendesha programu. Volti inapimwa kwa kitransfoma cha ZMPT101B, ampea kwa ACS712 ya ampea 20, joto kwa sensa mbili: moja ndani ya friza, moja imefungwa kwa tai za plastiki kwenye bomba la kondensa linapotokea. Skrini ni ya mistari miwili. Kengele ndogo.

Nimeulizwa kwa nini nisinunue tu STC-1000 nikafunga. Ni kifaa kizuri na cha bei nafuu, na ninaendelea kukifunga kwa watu wanaotaka thamostati ya tarakimu peke yake. Kinajua joto na kina kuchelewesha kompresa hadi dakika 10. Lakini hakioni volti wala ampea. Kwenye volti 178 kitasubiri dakika zake kwa adabu, kisha kitaipeleka kompresa kwenye kifo. Na gadi za friji zinazouzwa madukani zina upande mwingine wa upungufu: zinaona volti, hazioni joto la kondensa wala hazijui kama mota imewaka kweli au imekwama.

ACS712 ndiyo inayonifurahisha zaidi. Kompresa ikiwaka vizuri, mkondo unaruka juu na kushuka ndani ya sekunde moja. Usiposhuka, imekwama. Programu inaipa sekunde 2, kisha inakata yenyewe na kusubiri dakika 5, badala ya kuiachia ovaloodi ipike mpaka ichoke. Ikishindwa mara tatu mfululizo, inaacha kujaribu, inapiga kengele na kuandika MOTA IMEKWAMA ITA FUNDI.

Kilinzi cha programu kimewashwa ili bodi ikiganda ijiwashe upya. Tahadhari kwa wanaofuata: Nano nyingi za bei nafuu zina programu ya kuanzishia ya zamani ambayo ikikutana na kilinzi hicho inazunguka hapo hapo bila kutoka. Weka kwanza Optiboot, programu ya kuanzishia isiyo na tatizo hilo.

Februari, mwishoni

Rilei ya buluu ya ampea 10, ile ndogo ya mchemraba inayouzwa na kila bodi, imeganda kwenye meza ya majaribio. Nilikuwa nawasha na kuzima kompresa ya zamani kupitia hiyo, makusudi, kuona itavumilia kiasi gani. Koili imeachia, lakini ndani vidole vya kupitisha umeme vimeshikana. Nimeifungua: kila kidole kina kitone cheusi, na kimoja kimeyeyuka kikaungana na mwenzake. Maandishi ya ampea 10 yanahusu mzigo wa kawaida wa joto, hayahusu mota inayoruka ampea 16 wakati wa kuwaka.

Rilei ya namna hii ni hatari kuliko kutokuwa na rilei, kwa sababu skrini inasema IMEZIMWA huku friza inaendelea. Kuanzia sasa rilei ndogo inaendesha kontakta (swichi kubwa ya kubeba mota) tu, na kontakta ndiyo inabeba kompresa. Pembeni mwa vidole nimeweka kapasita ya mikrofaradi 0.1 na kirezista cha omu 100 kumeza cheche. Na programu imeongezewa ukaguzi: kama imeamuru kuzima lakini ACS712 bado inaona mkondo, kengele inalia mfululizo.

Machi

Masika bado, joto la kaskazi lipo palepale, na friza zinafanya kazi kweli kweli. Wakati mzuri wa kujaribu.

Kwenye bucha ya Ngamiani kimetokea kitu ambacho kwenye meza hakikuonekana. Nilikuwa nimeweka kikomo cha chini volti 190. Jioni volti inashuka chini ya 190, kidhibiti kinakata. Kompresa ikiacha kuvuta, waya unapumua, volti inapanda 197. Kidhibiti kinahesabu muda wake, kinawasha, volti inashuka tena 188, kinakata. Bila kuchelewesha ingekuwa ta-ta-ta-ta ya kontakta mpaka asubuhi. Hata kuchelewesha kukiwepo, friza inapata dakika chache za kazi na muda mrefu wa kusubiri, na nyama haigandi.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kikomo cha kukata kibaki 190, lakini kikomo cha kurudisha kiwe 205. Pili, mshuko wa chini ya sekunde 2 usihesabiwe, kwa sababu kompresa yenyewe inapowaka inauvuta umeme chini kwa kitambo kidogo. Kidhibiti kisichojua hilo kinajikata kwa kosa la mzigo wake mwenyewe.

Lakini kwenye nyumba ile volti zinakaa kati ya 190 na 205 jioni nzima. Ukishika 205 kwa nguvu, friza haitawaka mpaka saa nne usiku. Hapa ndipo hesabu ya fundi wa kompresa na hesabu ya mwenye nyama zinapogombana, na mimi naona mwenye nyama ana haki. Friza iliyojaa na kufungwa inavumilia. Miongozo ya Marekani kwa friza za nyumbani inataja saa 48 kwa iliyojaa na 24 kwa iliyo nusu, mlango usipofunguliwa. Friza ya bucha inafunguliwa kila baada ya dakika. Kwa hiyo nimekubaliana naye: kwake kikomo cha kurudisha ni 198, na nimebadilisha waya wa kutoka mita hadi kwenye friza, ule mwembamba wa kuunganishia feni, tukaweka wa milimita 4 za mraba. Waya huo peke yake umerudisha volti 6. Sehemu hii ya mradi haina elektroniki yoyote, na pengine ndiyo imesaidia kuliko zote.

Machi, wiki ya mwisho

Sensa ya joto kwenye friza moja ya samaki imekatwa. Panya. Waya umetafunwa pale unapoingilia mlangoni.

Sensa hizi za joto ni za aina ya NTC, na zina tabia inayofaa kujulikana. Upinzani unapanda joto likishuka, kwa hiyo waya ukikatika kidhibiti kinasoma baridi kali kupita kiasi, kinaamini kazi imekwisha, na kompresa haiwaki tena. Waya zikigusana kinasoma moto na kompresa haizimi. Programu sasa inakataa masomo yasiyowezekana na kuhamia kwenye ratiba: dakika 15 inafanya kazi, 10 inapumzika, mpaka sensa ipatikane. Vidhibiti vikubwa vya viwandani vinafanya hivyo hivyo. Samaki hawatakuwa na ubaridi kamili lakini hawataoza.

Sensa nyingine nimeitumbukiza kwenye kichupa cha glisarini ndani ya friza. Ikining'inia hewani tu, kila mlango ukifunguliwa inaruka na kompresa inaitwa bila sababu.

Aprili, kabla ya mvua kuchanganya

Nimeitwa Deep Sea. Mama wa samaki amekasirika. Nimemkuta amesimama mbele ya friza ya tatu na plagi mkononi. Friza ameichomeka moja kwa moja kwenye soketi, kidhibiti changu kiko sakafuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kidude chako kimekufa."

"Kimekufaje?"

"Umeme umerudi, friza ya jirani inanguruma, ya kwangu imenyamaza. Nina jodari humu ndani mwanangu, wewe unanijua."

Kilikuwa hakijafa. Kilikuwa kinasubiri dakika zake. Lakini kwa mtu aliyesimama gizani, umeme umerudi, jirani anafanya kazi, na friza yenye mtaji wake wote imenyamaza, hakuna tofauti kati ya kusubiri na kufa. Na hofu yake ina msingi. Jodari na vibua wakipata joto zaidi ya nyuzi 4 kwa muda, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya mnofu, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa tena. Mteja atakayevimba uso na kuwashwa baada ya kula atarudi kwake, hatakuja kwangu.

Nimekaa hapo mpaka jioni, kwa sehemu kwa sababu alinipa chai na kwa sehemu kwa sababu nilitaka kuona watu wengine wanakitazamaje. Kijana anayemsaidia alikuwa ameshajifunza njia ya mkato: kila umeme ukirudi anachomoa, anachomeka kwenye soketi ya pembeni, na baadaye anarudisha ili nisijue. Maana yake ule wakati mmoja ambao kifaa kimeundwa kwa ajili yake ndio wakati ambao hakipo. Naweza kulaumu, lakini kinga ambayo watu wanaikwepa ni uzembe wa mtengenezaji kutowasiliana kuliko wa mtumiaji kutotii.

Mabadiliko ya usiku ule ule: skrini, ambayo ilikuwa inaonyesha joto na volti kwa herufi zilizojaa, sasa umeme ukirudi inaandika kitu kimoja tu, SUBIRI na muda unaorudi nyuma, 3:40, 3:39, 3:38. Taa ya manjano inapepesa wakati wa kusubiri, ya kijani inawaka kompresa ikishika. Ile kengele inalia mara moja fupi kompresa inapowaka, ili mtu aliyegeukia kazi nyingine asikie. Maandishi ya kitaalamu yote yamehamishiwa nyuma ya kitufe. Fundi atayaona, mama hayahitaji.

Aprili, siku chache baadaye

Nimepita. Kidhibiti kiko mahali pake. Kijana anahesabu kwa sauti pamoja na skrini, wanacheka. Mama ananiuliza kwa nini friza ya jirani yake, isiyo na kidude, ilikataa kuwaka jana usiku ikanuka. Sikujibu kwa furaha, huyo jirani amepoteza mtaji.

Kitu kimoja hakikuwa kimefikiriwa na mtu yeyote. Friza zote tano zikiwa na vidhibiti vyenye muda uleule, umeme ukirudi zinasubiri kwa pamoja na kuwaka kwa pamoja, sekunde ileile. Ampea 16 mara tano kwenye waya mmoja. Breka ya ampea 32 imeshuka. Sasa kila kidhibiti kina namba yake, na muda wa kusubiri unaongezeka sekunde 40 kwa kila namba: ya kwanza dakika 3, ya pili 3:40, ya tatu 4:20, hivyo hivyo. Aliyeomba kuwa namba moja ni jodari.

Mei

Nyutro, waya wa kurudishia umeme. Nilijua itafika siku.

Duka la vinywaji lina umeme wa fezi tatu uliogawanywa kwenye vyumba. Kwenye nguzo kiungo cha nyutro kimelegea wakati wa upepo na mvua. Nyutro ikiondoka kwenye mfumo wa fezi tatu, vifaa vya fezi mbili vinajikuta vimeunganishwa mstari mmoja kwenye volti 400, na kila kimoja kinapata sehemu yake kulingana na mzigo: mwenye mzigo mkubwa anabaki na volti chache, mwenye mzigo mdogo anakula kubwa. Chumba cha jirani kilikuwa na taa mbili na televisheni. Televisheni imekwenda.

Kidhibiti cha friji ya vioo kilikata kwenye 255, kabla ya kompresa kuguswa. Chenyewe kimekufa. Kijipawa cha kubadilisha 230 kwenda volti 5 kina kikomo karibu na 240, na varista (kinga ya volti kubwa) niliyoiweka mlangoni ilifanya kazi yake kwa kupasuka na kuvuta fyuzi. Kontakta ikaachia, friji ikabaki nje ya njia. Mwenye duka amelipa bei ya fyuzi, varista na kijipawa. Kompresa mpya pamoja na gesi, draya na kazi ingekuwa laki kadhaa.

Somo la muundo: kontakta lazima iwe ile ambayo bila umeme wa koili inakaa wazi. Kidhibiti kikifa, friza izime. Nimeona vifaa madukani vilivyofungwa kinyume, ili eti kikiharibika friza iendelee; mwuzaji anapenda, na siku ya nyutro friza inaondoka pamoja nacho.

Mei, wiki ya mwisho

Kondensa. Kwenye chumba cha samaki kuna hewa ya chumvi, mvuke na magamba. Mapezi ya kondensa yanaota unga mweupe, kisha mavumbi yanashika juu yake. R134a kwenye nyuzi 40 ina presha ya bar 10 hivi. Kondensa ikizibwa na joto likafika 60, presha inakaribia 17. Kompresa inafanya kazi ileile ya kuvuta, lakini kila mpigo unasukuma mzigo mzito zaidi, na oili inaanza kuwa nyepesi.

Sensa ya bomba la kondensa inatoa onyo kwenye nyuzi 55, SAFISHA KONDENSA, na inakata kwenye 65 hadi ishuke 45. Onyo limetokea kwenye friza namba nne. Kijana amepiga brashi na maji ya moto kidogo huku friza imezimwa, na joto limeshuka nyuzi 9 kwa mzigo uleule. Jambo dogo sana, lakini hakuna aliyewahi kulifanya kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kumwomba.

Yule mwenye kabati la zamani la R404A hapo Chumbageni alitaka sensa ya namna hii pia. Nimemkatalia kwa sasa: kabati hilo lina vali ya kupanulia inayobana njia ya gesi, siyo kapilari, kwa hiyo presha hazilingani likizimika, na mota yake ina kapasita mbili na rilei ya volti kwa ajili hiyo. Anahitaji swichi halisi za presha, ya juu na ya chini, na si sensa ya joto kubahatisha presha.

Juni

Kasha. R290 ni propani. Friji ya vioo ina kiasi kidogo. Kiwango cha kimataifa kwa friji za biashara kilikuwa gramu 150 na mwaka 2019 kikaongezwa hadi 500. Propani ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Rilei na kontakta zinatoa cheche. Kwa hiyo kwa friji yoyote yenye alama ya moto kwenye kibandiko, kasha langu linapigwa ukutani, juu ya kiwango cha soketi, mbali na chumba cha kompresa. Ndani ya friji inaingia sensa peke yake. Sitaki kuona mtu amelisukuma kasha chini nyuma ya kompresa kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Waya mrefu unapatikana.

Makasha ya plastiki ya kawaida yanapata ukungu na chumvi ndani ya wiki chache pale Deep Sea. Nimehamia yenye mpira wa kuziba na nimepaka bodi vanishi ya kielektroniki, pande zote mbili, isipokuwa kwenye vituo vya skurubu. ACS712 moja ilikuwa imeanza kusoma ampea 0.4 wakati friza imezimwa; baada ya kusafishwa kwa spiriti na kupakwa, imerudi sifuri.

Kilichobaki. Bucha ya pili imejiandikisha, na kiwanda kidogo cha barafu upande wa Sahare kinataka kitu cha fezi tatu. Kwa hicho sitengenezi bodi. Kitahitaji rilei ya kukosa fezi na mpangilio wa fezi, iliyotengenezwa kiwandani, kwa sababu kompresa ya skroli ikizungushwa kinyume haisukumi na inajiharibu, na hiyo siyo sehemu ya kujaribia programu yangu. Nitawafungia, nitawawekea muda wa kusubiri na skrini ileile ya SUBIRI. Kuhusu namba za mfuatano, mhasibu wao ameshauliza kama mashine ya kwanza kuwaka inaweza kuwa ile ya barafu ya vipande, kwa sababu wavuvi wanakuja saa kumi usiku.